Kufunika Sauti ya Mnara

Kwenye basi la kutoka uwanja wa ndege, bibi mmoja aliwasikia wawili waliokaa mbele yake.

"Wamenifukuza mafunzo ya urubani," msichana alimwambia fundi wa ndege. "Mnara wa kuongozea ndege ulikuwa unamwambia rubani mwingine asubiri, nami nikabonyeza redio nikaongea. Nikaifunika amri, asiisikie, akaingia njia ya kurukia."

"Hukusikiliza kwanza, dada?"

"Miaka mitatu nimejifunza redio kwa mchezo wa ndege wa kompyuta, peke yangu chumbani. Mule mnara hunisubiri nimalize."

"Mnara wa kukubembeleza huo."

"Wewe cheka tu, kaka. Mwalimu kaniambia nirudi kwenye mchezo wangu."

Fundi hakucheka. Bibi alimwona akiuvuta mkoba wake wa spana, msichana apate pa kunyoosha miguu. "Lakini watu wangekufa," fundi alisema taratibu.

Basi likasimama. Msichana akashuka bila kuaga.