Bi Pua na Ngozi Yake ya Mwisho

Marehemu dada yetu, tuliyemwita Bi Pua tangu utotoni, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1954 katika nyumba ya mwisho kabla ya kiwanda cha mbao, mtoto wa kwanza kati yetu wawili. Wa pili ni mimi. Nasoma wasifu huu kwa sababu hakumwamini mtu mwingine ausome, na hata mimi alitaka kwanza aone nitakachosema. Hakuwahi.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha akafika kidato cha pili. Jina la Bi Pua alilipata darasa la tano. Karanga za mwalimu zilipotea mezani, naye akaomba ruhusa anuse mikono ya darasa zima. Mwalimu akacheka, akamruhusu. Aliyekamatwa ni kiranja. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa mkono dada yangu bila kujiuliza kwanza alikotoka.

Kazi alifundishwa na shangazi yetu: kulainisha ngozi za kulungu nyumbani, kwa njia za zamani, bila dawa za dukani. Ngozi mbichi alizipata kwa wawindaji wenye kibali. Aliziloweka, akakwangua manyoya juu ya gogo, akazipaka ubongo wa mnyama uliopondwa na maji ya uvuguvugu, kisha akazivuta na kuzinyoosha mpaka zikakauka zikiwa laini kama shuka kuukuu. Mwisho alizishona mfano wa gunia na kuzitundika juu ya makaa yaliyotiwa mti uliooza, unaofuka moshi bila kuwaka. Moshi huo ndio kazi yenyewe. Ngozi iliyotiwa moshi ikilowa hukauka laini. Isiyotiwa hukauka ikawa ubao. Ni mti gani, na uwe umeoza kiasi gani, hakumwambia mtu. Fundi mikoba aliyekuwa mteja wake, na ambaye bila shaka amekaa pale nyuma, aliwahi kumuuliza. "Wewe nunua ngozi," alimjibu, "moshi niachie mwenyewe."

Tarehe 2 Februari 1979 aliolewa na shemeji yetu, fundi saa. Mama mkwe wake alilalamika kwamba mwanawe sasa ananuka jiko. Walijaliwa binti mmoja. Shemeji alipendwa sana, lakini hakuruhusiwa kukanyaga banda la moshi. "Huyu ana haraka," marehemu alisema, "ataniwashia moto." Pia alimshuku kwamba anamchungulia akiwa kazini. Shemeji alikana, tena kwa utulivu mno, ndiyo maana dada hakumsadiki.

Mwaka jana alianza kukohoa. Daktari alisema ni mapafu. Marehemu alimtazama kwa jicho la pembeni, na tulipotoka nje akaniambia, "Huyu hata hakuninusa, amejuaje?" Alizidiwa mwezi wa pili, akafariki wodini asubuhi ya tarehe 11 Machi, mkono wake ukiwa mikononi mwangu. Kabla ya hapo alinipa agizo moja. Nyumbani aliacha ngozi ya mwisho, imeshalainishwa, haijatiwa moshi, na alitaka alazwe juu yake. "Lakini isiyo na moshi usiniwekee. Udongo una unyevu. Sitaki kulalia ubao." Nilikubali, bila kujua nitampata wapi wa kuitia moshi. Hata mimi hakunifundisha, na jambo hilo limeniuma.

Nilipofungua banda, ngozi haikuwepo. Mlango haukuvunjwa, kwa hiyo aliyeichukua ni mtu wetu. Simtaji mtu. Nasema tu kwamba mkwe wetu, mume wa binti, amekuwa mpole kupita kawaida wiki hii, na fundi mikoba alifika msibani kabla ya ndugu. Ngozi irudishwe kabla jeneza halijafungwa.

Ratiba mliyoshika inaishia hapo, maana ilishachapwa. Haya yanayofuata nimeyaandika kwa mkono.

Jana asubuhi shemeji alikuja na furushi kwapani. Vidole vyake vilikuwa vimeungua.

"Shemeji, umeipata wapi?" nilimuuliza.

"Sikuipata. Ilikuwa kwangu, nyuma ya duka la saa."

"Na nani kaitia moshi?"

"Mimi. Mara ya kwanza moto uliwaka, kona ikaungua. Nikaanza upya."

"Nani kakwambia ni mti gani?"

Akatazama chini. "Dirisha la jikoni linaona banda vizuri, shemeji. Miaka yote hiyo nilikuwa namwangalia."

Kumbe dada hakuwa anakosea. Mimi pia sikuridhika. Nililowesha kona nyingine, nikaianika juani, tukakaa kwenye ngazi ya nyuma tukiisubiri kama watu wanaongoja majibu ya maabara. Ilipokauka niliikunja. Ilikunjika. Nililia palepale, naye akalia. Mkwe wetu na fundi mikoba, niwieni radhi, ingawa sijaacha kuwaangalia.

Marehemu ameacha mume, binti, mkwe, wajukuu wawili na mimi mdogo wake.

Dada, kona moja imeungua na mshono umekwenda upande. Najua ungemrudishia airudie. Lakini ina moshi, nimeinusa mwenyewe. Lala, ni laini.