Usiniite Hata Nyumba Ikiungua

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, kiwandani au njiani, nawaomba dakika chache. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu hamkuwahi kulijua jina lake, hata nyinyi mliomwachia watoto wenu mwaka mzima. Mlimwita Shangazi tu. Na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Shangazi alikuwa mlezi wa chumba cha watoto katika chuo chetu cha jamii. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka sitini na mmoja. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Shangazi wa chumba cha watoto, pale chuoni, hatunaye tena.

Nianze na jambo ambalo pengine mtashangaa kulisikia. Shangazi alikuwa mtu wa wasiwasi. Alikuwa na wasiwasi kupita kiasi. Watu husema mlezi mzuri ni mtulivu. Yeye hakuwa mtulivu hata siku moja. Alihesabu watoto kila baada ya dakika chache, akiwagusa vichwa kwa kidole: mmoja, wawili, watatu. Akifika kumi na saba anaanza tena.

Juzi nilikwenda nyumbani kwao. Mdogo wake wa kiume, fundi viatu, alinikaribisha kwenye kiti kilichokuwa cha marehemu. Alicheka kidogo, kisha akafuta macho.

"Dada yangu alizaliwa roho juu," aliniambia. "Ukimwambia mvua imenyesha, anakuuliza imemwangukia nani. Mlango anaufunga mara tatu. Mara ya nne ananiamsha mimi nikauangalie."

Sasa sikilizeni jinsi mtu wa namna hiyo alivyokabidhiwa watoto wa watu.

Hakuajiriwa kulea. Aliajiriwa kufagia. Kwa miaka tisa alipiga deki madarasa ya chuo kile, kuanzia karakana ya useremala hadi ukumbi wa mitihani. Na chuo chenyewe mnakijua. Hakimuulizi mtu umri. Utamkuta baba mwenye wajukuu anajifunza kusoma, dirisha la pili msichana anajifunza kuunga mabomba, na ng'ambo ya uwanja akina mama wanashona. Waliopitwa na shule walikuwa wanapata nafasi ya pili pale.

Asubuhi moja Shangazi alifungua stoo ya mifagio kuchukua ndoo. Akasikia kitu kinapumua.

Ilikuwa stoo ya mifagio, wasikilizaji, yenye sabuni ya maji, dawa ya choo na madumu ya dawa ya kung'arishia sakafu. Na katikati ya madumu yale, ndani ya boksi la karatasi, alikuwa amelala mtoto wa miezi mitano.

Binti yake Shangazi anasema mama yake aliisimulia habari ile mara nyingi. Jioni iliyotangulia dumu moja lilikuwa limevuja. Boksi lilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Alimbeba yule mtoto, akaketi naye kwenye ngazi, hakufagia tena. Kengele ilipolia, akatokea msichana wa darasa la mabomba, anakimbia, jasho linamtiririka.

Hakumgombeza. Alimwambia, "Mwanangu, usinieleze kitu. Kesho mlete kwangu. Usimwache na mifagio."

Kesho yake wakaja watoto wawili. Wiki iliyofuata, watano. Alikuwa akiwaficha nyuma ya karakana, huku anafagia na kuhesabu, anafagia na kuhesabu, akisubiri siku ya kufukuzwa kazi. Na siku ikafika. Mkuu wa chuo wa wakati ule, ambaye sasa amestaafu, alipita akamkuta amembeba mmoja mgongoni na mwingine kalala kwenye toroli la taka, lililooshwa na kutandikwa kanga.

"Nilimwambia hiki ni chuo, si chekechea," mzee huyo aliniambia kwa simu. "Hakubisha. Aliniuliza swali moja tu. Aliniuliza, 'Mkuu, mwaka jana wanawake wangapi waliandikishwa, na wangapi walimaliza?' Nilirudi ofisini nikafungua daftari la usajili. Sikuweza kula mchana ule."

Shangazi akapewa chumba kwa muhula mmoja wa majaribio. Darasa la useremala likatengeneza vitanda. Darasa la ushonaji likashona shuka. Wanafunzi wa uuguzi wakawa wanakuja kila Ijumaa kuwapima watoto uzito, wao wakijifunza na watoto wakipata huduma. Baadaye hata majirani wasiosoma pale, wauza mboga na wafua nguo, walileta watoto wao asubuhi. Ule muhula mmoja umefika miaka kumi na mbili.

Lakini wasikilizaji wapendwa, simkumbuki Shangazi leo kwa sababu ya vitanda na shuka. Namkumbuka kwa sababu ya asubuhi moja ya mtihani. Familia yake imeniruhusu kuieleza. Na mama mhusika ameniruhusu pia. Alisema, "Ieleze yote, usinipake mafuta."

Mama huyo alikuwa mwanafunzi wa ufundi umeme. Alikuwa na binti wa miaka miwili, mwenye alama nyeusi shavuni, wakamwita Kidoti. Mwaka uliotangulia Mama Kidoti aliukosa mtihani wa mwisho kwa sababu mtoto alilazwa. Na mtihani ule hufanywa mara moja tu kwa mwaka. Kanuni ya chuo ilikuwa hivi: ukitoka ukumbini, hurudi. Umetoka, basi, mpaka mwaka ujao.

Asubuhi ile alimkabidhi Kidoti mlangoni. Anakumbuka maneno yake neno kwa neno.

"Shangazi, mtoto amechangamka, hana neno. Ila leo nakuomba. Hata nyumba ikiungua, usiniite."

Shangazi alicheka. "Nenda mwanangu. Nyumba ikiungua nitaizima mwenyewe."

Mtihani ulianza saa tatu. Ulikuwa uishe saa sita.

Saa nne kasoro, Kidoti alikataa uji. Shangazi akamgusa paji la uso, akauondoa mkono upesi kama aliyegusa sufuria. Akamvua nguo nzito. Akatuma mtu amwite mkufunzi wa uuguzi, aliyekuwa akifundisha ghorofa ya juu. Kabla mkufunzi hajafika, macho ya mtoto yakageuka, mwili ukakakamaa, mikono ikaanza kurukaruka. Degedege.

Mkufunzi yule bado yupo chuoni. Anasimulia: "Niliposhuka nilimkuta amemlaza mtoto kwa ubavu, kama nilivyomfundisha. Ameondoa vitu vyote karibu yake. Hakumtia kitu mdomoni. Na bado, kwa mkono mwingine, alikuwa anawahesabu wale wengine."

Degedege ilikoma baada ya dakika tatu. Wanafunzi wa uuguzi wakabaki na watoto wengine, na wao wakambeba mtoto kuelekea kwenye gari la mkufunzi. Njia ya kwenda kwenye gari inapita chini ya madirisha ya ukumbi wa mitihani. Shangazi akasimama. Kupitia kioo alimwona Mama Kidoti. Aliuona mgongo wake tu, ameinama, anaandika.

"Nikamuuliza, tumwite?" anasema mkufunzi. "Alilitazama dirisha mara moja tena. Kisha akaniambia, 'Twende.'"

Wakaenda.

Hospitalini walichukua damu, wakampa dawa. Nesi akauliza mama wa mtoto yuko wapi. Shangazi akajibu, "Mimi ni shangazi yake." Saa tano na nusu degedege ikarudi, na safari hii ilikuwa ndefu zaidi. Daktari aliwatoa nje. Mkufunzi akashika simu, akasema sasa hapana, lazima tumjulishe mama. Shangazi alikuwa akitazama saa ya ukutani. Alisema, "Imebaki nusu saa tu. Nusu saa."

Wasikilizaji, jiwekeni kwenye benchi lile. Nyuma ya mlango kuna mtoto asiye wako. Katika masikio yako kuna maneno ya mama yake. Ukimwita, umemnyang'anya mwaka wa pili. Usipomwita, na mlango ukifunguliwa na daktari ametazama chini, utamwambia nini? Mkufunzi anasema Shangazi alikuwa akihesabu kwa sauti ndogo. Hapakuwa na watoto wa kuhesabu. Alikuwa anahesabu vigae vya sakafu.

Saa sita na robo, Mama Kidoti alifika hospitalini akiwa na kiatu kimoja. Alikuwa ametoka kwenye mtihani akicheka, akaenda chumba cha watoto, akakuta kitanda kitupu, akaambiwa mtoto yuko hospitalini. Kidoti alikuwa amelala, dripu mkononi, joto limeanza kushuka.

Alimgusa mtoto kwanza. Kisha akamgeukia Shangazi. Hakupiga kelele.

"Angekufa je?"

Shangazi akamsogezea kiti.

"Nani alikwambia uamue wewe?"

Mkufunzi alifungua mdomo aseme, ni wewe uliyesema usiitwe. Shangazi akamshika mkono, akamzuia. Maneno yale hakuyatumia kujitetea siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Kidoti alipona. Mama Kidoti alifaulu mtihani, tena vizuri. Na akamwondoa mtoto kwenye chumba kile. Kwa miezi minane hakumsalimia Shangazi, hata wakipishana getini.

Jumapili iliyopita nilimuuliza kwa nini.

"Kwa sababu nilikumbuka kwamba nilisema," alinijibu. "Yale maneno yalikuwa yangu. Ningemsamehe yeye, ningebaki na nani wa kumlaumu?"



Na Shangazi je? Binti yake anasema alikonda. Aliandika barua ya kuacha kazi, akaipeleka mwenyewe ofisini. Kwa miaka yote ile alikuwa ameifagia ofisi ile, na hakuwahi kuketi humo. Siku hiyo aliketi.

Mkuu mstaafu anakumbuka: "Aliweka barua mezani, akasema, 'Nilichagua mtihani, nikamwacha mama. Ningemchagua mama, ningeua mtihani. Sitaki kuchagua tena. Ama mnipe njia ya tatu, ama mchukue barua.'"

Njia ya tatu ilichukua miezi kumi na minne. Vikao, kamati, barua kwenda na kurudi. Wapo waliosema wanafunzi watadanganya, watasingizia watoto. Shangazi alihudhuria kila kikao, akiwa na sare yake ya kazi, akikaa pembeni. Mwishowe kanuni ikabadilishwa. Mzazi akiitwa kwa ajili ya mtoto wakati wa mtihani, atatoka, na atafanya mtihani mwingine ndani ya wiki mbili. Nasema tena, kwa kuwa huenda wewe unayesikiliza unaogopa kujiunga kwa sababu ya mtoto: ndani ya wiki mbili. Tangu hapo wazazi kumi na mmoja wameitwa. Wote kumi na mmoja walirudi wakafanya mtihani.

Na Mama Kidoti? Baada ya ile miezi minane, taa za chumba cha watoto ziliharibika. Chuo kikaita fundi. Akaja yeye, na ngazi yake. Shangazi akaishika ngazi kwa chini, kwa mikono miwili, maana aliogopa kila kitu kinachopanda juu. Hawakusemeshana mpaka taa ya mwisho.

Shangazi ndiye aliyeanza. "Kidoti anakula?"

"Anakula mpaka sahani inaomba huruma."

"Haya. Shuka polepole."

Jumatatu iliyofuata Kidoti alirudi. Sasa yuko darasa la tatu.

Mwezi uliopita moyo wa Shangazi ulianza kuchoka. Alilazwa. Binti yake alikaa naye wodini. "Kila asubuhi aliniuliza nani amefungua chumba," anasema. "Nikimwambia, mama, pumzika, ananijibu, 'Hilo si jibu la nilichouliza.'" Jumanne, kabla ya adhuhuri, alipumzika. Alizikwa Alhamisi.

Jumatatu hii, saa moja asubuhi, nilikwenda chuoni mwenyewe. Wazazi walikuwa wamesimama nje ya chumba, watoto mikononi, mikoba ya vitabu mabegani. Hakuna aliyejua kama mlango utafunguliwa. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Baba mmoja, mwanafunzi wa uashi, alikuwa anaangalia saa, anaangalia mlango, anaangalia saa. Dakika kumi baadaye akaja mkufunzi wa uuguzi na wanafunzi wake wawili, na funguo.

"Leo tupo," akawaambia.

"Na kesho?" akauliza yule baba.

"Kesho pia tupo."

"Na muhula ujao, dada?"

Mkufunzi aliwatazama wote. Akasema, "Muhula ujao bado sijui, kaka. Nipe mtoto, utachelewa darasani."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo chetu natoa pole kwa binti wa marehemu, kwa mdogo wake fundi viatu, kwa wajukuu, na kwa jumuiya nzima ya chuo. Poleni sana. Mwenyezi Mungu ampe Shangazi mapumziko ambayo hapa duniani hakuyajua.

Na sisi tuliobaki tufikiri. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Ukiwa na cheti ukutani, au kazi, au ufundi wowote mikononi mwako, jiulize ni nani aliyekuwa amemshika mtoto wako saa ile ulipokuwa unaandika. Na kama wewe una asubuhi moja tu kwa wiki ya kusaidia kulea, moja tu, chumba kile kinafunguliwa saa moja. Wazazi huwa wameshafika.