Msomaji wa Habari Aliyelikataa Neno "Kiadui"

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu tunayemsindikiza leo, ambaye wasikilizaji walimwita Sauti ya Asubuhi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa karani wa reli na mshona nguo, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1979 akaajiriwa redioni kuwa mfasiri na msomaji wa habari.

Tarehe 14 Juni 1983 alifunga ndoa na fundi magari kutoka nchi jirani, mcheshi aliyependa kusema kwamba ameoa redio isiyozimika, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Asubuhi ya tarehe 2 Septemba 1991, hali mpakani na nchi ya mumewe ikiwa imechafuka, aliletewa tamko la serikali ili alifasiri, likisema uhusiano wa nchi hizi mbili ni wa mvutano, naye akaandika hivyohivyo, lakini mhariri mkuu akalikata neno hilo akaweka "wa kiadui". Marehemu, akimfikiria mumewe aliyekuwa gereji machoni pa watu, alimwambia, "Mzee, wanaovutana bado wameshika kamba moja, adui hushikiwa panga. Neno hili litaingia majumbani mwa watu."

"Soma, dada, au mpishe mwenzako."

Akampisha.

Mwenzake alilisoma. Siku hiyohiyo gereji ilipigwa mawe, mumewe akafichwa na jirani chumbani kwake, akavuka mpaka, nao ukafungwa nyuma yake. Marehemu alihamishiwa stoo ya kuhifadhia kanda za sauti, akalea wanawe peke yake, na kila alipoambiwa kwamba alikuwa sahihi, aliendelea na kazi yake, maana usahihi haukumrudishia mtu mezani. Mwaka 1999 mpaka ulipofunguliwa na redio kutangaza uhusiano mwema, aliuliza, "Mwema kwa nani?" kwa kuwa mumewe alikwishapata familia nyingine huko.

Alipougua figo, mume huyo alikuja akaketi kando ya kitanda. "Sina ugomvi nawe," marehemu alimwambia, "ila usiniite mke wangu. Niite mama watoto." Akamwita hivyo mpaka marehemu alipofariki hospitalini, tarehe 21 Aprili 2016.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa redio, na jirani yule aliyefungua mlango wake wakati wengine wakifunga.

Mama yetu, umesema vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.