Mheshimiwa Aliyekula cha Mkono Mmoja

Padri wetu, wazee wa ukoo, waheshimiwa mliopo na mnaotarajia kuwa waheshimiwa jimbo likishatangazwa kuwa wazi, majirani na ndugu waombolezaji, familia inaomba masikio yenu, kwa kuwa habari za marehemu mmezisikia tangu Jumatano, kila mtu kwa jinsi alivyosimuliwa jikoni, kisimani au kwenye simu, na sasa ni zamu ya wenye marehemu kuzisema.

Mheshimiwa Donatus Luhende Ngassa alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Mwalukwa, Shinyanga Vijijini, mtoto wa nne wa Mzee Luhende Ngassa, mfugaji, aliyehamia Rwamgasa na ng'ombe wake mwaka 1974. Alianza shule ya msingi mwaka 1969 na kuimaliza 1975, kisha akasoma sekondari mjini Shinyanga hadi 1979, ambako alijulikana kwa kufanya kila hesabu mara mbili, mara ya kwanza kutafuta jibu, mara ya pili kwa sababu hakuliamini.

Mwaka 1981 aliajiriwa na chama cha ushirika kama karani wa kununua pamba, na mwaka 1990, pamba ilipokuwa inamlipa mkulima ahadi nyingi kuliko fedha, aliacha kazi akaenda Nyarugusu kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, mahali ambapo mtu asiyeshuku mizani ya mwenzake hulala na njaa, hivyo tabia aliyozaliwa nayo ikapata mshahara.

Tarehe 12 Desemba 1987, katika kanisa la kwao bibi harusi huko Chato, alifunga ndoa na Paskazia, ambaye ni mjane wetu leo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Dorah, Ngassa na Noela. Dada mkubwa wa marehemu, Mama Limi, hakuficha siku ile kwamba mwanamke wa ziwani hamjui vizuri, ila alicheza ngoma mpaka asubuhi, na mambo hayo mawili hayakugombana.

Katika siasa marehemu alianza kama diwani mwaka 2000, na mwaka 2005 wananchi wakamchagua kuwa mbunge. Mwanzoni mwa 2006 aliandaliwa karamu ya shukrani pale Nyarugusu, akala vizuri, na kabla wiki haijaisha akalazwa kwa kutapika na homa, daktari akaandika kwamba ni homa ya matumbo, lakini marehemu aliisoma karatasi ile akaona sumu na jina la mpinzani wake. Kuanzia hapo hadi siku ya kifo chake, hakula wala kunywa kitu ambacho hakikupikwa na Paskazia.

Rafiki yake wa tangu enzi za dhahabu, Bwana Dilip, mwenye duka la vifaa mjini Geita, ambaye yupo hapa pamoja nasi, alimkaribisha chai kwa miaka yote hiyo, na marehemu hakukataa hata siku moja, aliipokea kwa heshima zote, akasubiri mwenyeji ageuke, akaimwaga kwenye chungu cha maua, hadi Dilip akamwambia mbele ya wateja, "Mheshimiwa, ua langu sasa linaamka na kichwa kuuma siku usipokuja."

Mjini hayo yalikuwa mzaha, ila vijijini hayakuwa. Mmelelewa nchi hii, mnajua kwamba kwa Wasukuma mtu anayekataa chakula chako amekutangazia jambo zito, na mwaka 2010, wakati wa kura za maoni, marehemu alipita kwa wajumbe nyumba kwa nyumba akiwa na chupa yake ya uji, akisema amefunga, hata siku za Jumapili. Bibi mmoja mjumbe alimsogezea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akamwambia, "Kula, mwanangu, chakula changu hakina kadi ya chama," naye akashukuru, akasimama, akaenda. Kura alizopata zilitosha kumjulisha kwamba yeye mwenyewe na mkewe walipiga.

Miaka mitano alikaa nje, akiwashuku mawakala, wasimamizi na wino, na aliyemwambia ukweli alikuwa Paskazia, "Baba Dorah, hawakukuibia kura. Umewatukana majumbani mwao, ukataka wakushukuru." Mwaka 2015 ikawa hivi: kila kijiji ambacho mgombea alipangiwa kufika mchana, mkewe alifika asubuhi, akavua viatu, akaingia jikoni kwa mwenyeji, akachambua mlenda, akasonga ugali na kina mama, na marehemu alipokuja akala kwa mpiga kura, sufuria ya mpiga kura, mbele ya mpiga kura, lakini kwa mkono wa mkewe. Alishinda, akashinda tena mwaka 2020, na kamati ya kampeni ikapongezwa kwa mkakati mzuri.

Sasa tuje kwenye ugonjwa, maana ndiko maneno yaliko. Mwezi Juni 2021 marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu, akapewa vidonge vya kumeza kila siku, akaamuru jambo hilo lisitoke nje, kwa kuwa mgombea mgonjwa huzikwa na wajumbe kabla ya padri. Figo zilishindwa mwaka huu, alilazwa tarehe 2 Aprili 2024, na alfajiri ya Jumatano tarehe 17 Aprili alifariki dunia.

Hata maturubai hayajafungwa, Mama Limi aliuliza jikoni swali ambalo limezunguka msiba huu kuliko sahani, "Mtu aliyekula cha mkono mmoja miaka kumi na minane, akifa, tumuulize nani?" Swali hilo lina akili, na ndio ubaya wake, kwa sababu marehemu aliwashuku watu wote akamwacha mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyebaki wa kushukiwa. Ndugu walianza kuja na maji yao ya chupa, ikasemwa kwamba mjane asikaribie kaburi na arudishwe Chato, na ratiba ya mazishi ilipotoka, jina lake halikuwemo, kamati ikaeleza kwamba ni kosa la uchapaji.

Jana jioni Bwana Dilip aliomba kusema mbele ya wazee. Alieleza kwamba mwaka 2022 hospitali ilipotoa vidonge vya kiwanda kingine, vya rangi ya waridi badala ya vyeupe, marehemu alimnong'oneza, "Wameshafika hadi dawani," akamwapisha asimwambie mtu, na tangu siku hiyo alikuwa akiviweka mdomoni mbele ya mkewe na kuvitema akitoka. Dorah alikwenda kabatini, akapapasa mifuko ya suti za bungeni, akarudi na kiganja kilichojaa vidonge vya waridi. Daktari Selestine, aliyemtibu, akawaambia wazee kwamba vipimo havikuonyesha sumu yoyote, figo ziliuawa na shinikizo lililoachwa bila dawa. Mjane aliulizwa kama ana neno, akasema, "Cha mkono wangu alikula mpaka mwisho. Vile vilikuwa vya serikali."

Leo asubuhi Mama Limi aliingia chumbani kwa mjane, akakaa chini kwenye mkeka, akasema, "Wifi, nikorogee uji, tangu Jumatano sijala," na waliokuwepo wanashuhudia kwamba aliunywa wote, akaomba wa pili.

Kwa hiyo familia inasahihisha ratiba. Baada ya padri, na kabla ya mheshimiwa yeyote, udongo wa kwanza utawekwa na Paskazia, Mama Limi akiwa amemshika mkono, na anayeona vigumu kumfuata anaombwa abaki amekaa, viti vipo.

Familia inamshukuru Daktari Selestine na wauguzi, majirani wa Rwamgasa mliotuletea kuni na maji, wabunge wenzake, na Bwana Dilip aliyevunja kiapo kwa wakati. Wabeja sana.

Nawe Donatus, ulilinda mlango mmoja maisha yako yote, mauti yakapitia ule ulioufunga mwenyewe. Hapa hakuna tena wa kumchunguza. Upumzike kwa amani, na safari hii utuamini.