Shangazi Nyaya: Mashine Zisizimwe

Ndugu, jamaa na marafiki, marehemu aliagiza wasifu wake usitiwe sukari. Basi tuseme mapema: alikuwa mkaidi, na hatuombi radhi kwa niaba yake.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, nyumba ya tatu nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili wa fundi cherehani. Mama yake alikuwa opareta wa simu, na binti alijua kuunganisha simu za watu kabla hajajua kusoma.

Alisoma shule ya mtaani, kisha sekondari ya wasichana, ambako mwalimu wa hesabu alimwambia kwamba nafasi za chuo kikuu zina wenyewe. Mwaka 1975 alihitimu shahada ya hesabu, akampelekea mwalimu yule nakala ya cheti kwa posta.

Mwaka 1984, katika taasisi ya utafiti wa hali ya hewa, alipewa chumba cha chini chenye bomba linalovuja na kompyuta ndogo sitini na nne zilizounganishwa kwa nyaya. Kila moja ilikuwa na kumbukumbu yake, na hakuna iliyoweza kuchungulia ya mwenzake. Zilielewana kwa kutumiana ujumbe tu. Zilihitaji mfumo endeshi, yaani programu ya kuzigawia kazi na kuzisimamia, na ndio huo aliokaa miaka mitano akiuandika. Wakubwa zake walisema anatwanga maji kwenye kinu. Sisi watoto wa kaka yake tukamwita Shangazi Nyaya.

Mfumo huo uliganda karibu kila siku, na dawa yake ilipatikana nyumbani. Alikuwa ameolewa tarehe 2 Agosti 1980 na seremala mpole, ila naye si mtu wa kushindwa. Mwaka 1987 walinuniana siku tatu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kusalimia. Siku ya nne, kikombe cha chai mkononi, marehemu akaangua kicheko. Kompyuta zake nazo zilikuwa zimenuniana, kila moja ikingoja ujumbe wa mwenzake. Akaziwekea sheria: anayengoja sana abishe hodi tena, na asipoitikiwa, kazi ya aliyenyamaza wagawane wengine. Mumewe anashikilia mpaka leo kwamba yeye ndiye aliyeanza kusalimia.

Mwaka 1989 ilikuja kamati kuufunga mradi. Mwenyekiti alisema mashine moja ikifa, zote zitasimama. Marehemu aliinuka. Alichomoa waya wa umeme wa kompyuta ya kumi na saba, akaketi. Hesabu za mvua zikasita kidogo, kisha zikaendelea.

"Sasa chagua wewe," alimwambia mwenyekiti.

Mwenyekiti alichagua tatu. Zote tatu zikachomolewa, hesabu zikafika mwisho, na mradi haukufungwa. Kompyuta zile zimeshakuwa vyuma chakavu, lakini mfumo wake ungali unaendesha mpya mia mbili.

Februari 2023 alikutwa na saratani ya kongosho. Daktari alimpa miezi mitatu. Akachukua kumi na mmoja. Aliumia sana, na hatutasema vinginevyo. Mkurugenzi wa taasisi alipokwenda kumjulia hali, alimwambia, "Nikinyamaza mimi, msizime kitu. Mkizima, yule mwenyekiti atakuwa ameshinda."

Alifariki tarehe 14 Januari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka yake, na sisi wapwa tuliobishana naye na kushindwa.

Jana taasisi ilileta barua, ikiomba kuzima mashine kwa dakika moja leo, kwa heshima yake. Mumewe aliirudisha ikiwa na neno moja la penseli: Hapana. Kwa hiyo hivi tunavyomshusha kaburini, zinapiga hesabu za mvua ya kesho. Yeye apumzike kwa amani. Mashine hazijapewa ruhusa hiyo.