Msiseme Nimesafiri

Mutiso, mrudishe mtoto. Usiniambie tumeishiwa na maziwa, pakiti mbili ziko kabatini, nimeziona kwa macho yangu. Umemtuma Nthenya dukani ili asisikie nitakayosema, nami sitasema neno mpaka aketi hapa kitandani. Nthiwa, toka umwite, hajafika mbali, huyo hutembea akihesabu mawe ya barabara.

Haya. Keti hapa miguuni pangu, wajina. Nanyi wanangu wawili kaeni, na masikio yenu yakae pia, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno. Wiki jana madaktari walinirudisha nyumbani, na hakuna asiyejua kwamba mtu wa saratani harudishwi hivyo kwa sababu amepona. Nakufa. Nimelisema mbele ya mtoto wa miaka tisa na paa la nyumba bado liko juu.

Nianze na vitu, vitu ni vyepesi. Shamba la Mwala ni lako, Mutiso, lima utakavyo, ila pale alipolala dada yenu Katunge jembe lisipite. Kibanda changu cha Kenyatta Market, ambamo nimesukia watu nywele miaka ishirini na mitatu mpaka vidole vikapinda hivi, ni cha Nthiwa, pamoja na viti, vioo na wateja wangu wenye maneno mengi. Nyumba hii ya mtaa wa Jamhuri si yetu, ni ya kupanga, mwenyewe anajua. Kwenye vitu nimemaliza, na nikisikia kutoka kaburini kwamba mmegombania kabati nitawaonea haya.

Sasa lile zito. Miaka minne iliyopita Katunge, kitinda mimba wangu, mama yake huyu mtoto, aliugua ugonjwa ambao hakuna aliyethubutu kuutaja humu ndani. Tulisema ni kifua, tukasema ni malaria, tukasema ni mawazo. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi kilituumbua sote. Jumapili moja kabla ya kupelekwa hospitali aliketi pale nje kwenye ngazi, akamweka Nthenya katikati ya magoti yake, akamsuka matuta manane yanayopanda kutoka masikioni na kukutana utosini. Kazi ya saa moja ilimchukua kutwa nzima, kwa maana kila akimaliza tuta alilaza kichwa ukutani apumzike. Akamwambia, "Mtu asikufumue. Nikitoka hospitali nitakufumua mwenyewe." Siku ya tisa akafa.

Nami nikamwambia mtoto mama amesafiri. Ndivyo tunavyosema sisi watu wazima, fulani ametutoka, fulani amesafiri, na kila asikiaye huinamisha kichwa kwa kuwa ameelewa. Huyu alikuwa na miaka mitano, hakuinamisha kichwa. Aliniuliza, "Amebeba begi gani?"

Nthiwa, wewe ulisema twende naye mazishini aone mama yake akizikwa. Mutiso akakujibu kwamba hujazaa, hutatufundisha mambo ya watoto, ukanitazama mimi mama yako nikutetee, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomaliza mjadala. Tukamwacha mtoto kwa jirani na pakiti ya biskuti, tukaenda kumzika mama yake, na tangu siku ile nyinyi wawili mnasalimiana kama watu waliokutana benki. Nthiwa, ulisema kweli. Nisamehe, mwanangu, nimechelewa lakini nimesema.

Sikilizeni kilichofuata, maana hiki ndicho kinachonizuia kufa vizuri. Matuta yale yalikaa miezi miwili, yakajaa vumbi, yakawa yananuka, na mtoto hakubali yaguswe. Nikimkaribia na kitana anashika kichwa kwa mikono miwili. Wateja wakaanza kunicheka, mganga hajigangi, mtazameni mjukuu wa msusi. Nami nina kiburi, mnanijua. Asubuhi moja pale kibandani nikambana kwa magoti nikachukua makasi nikazikata nywele zote mpaka chini. Hakulia. Ningejua kusoma mtoto ningeogopa pale pale, kwa sababu mtoto anayekatwa kitu chake na halii amekwisha kuumia kupita pa kulilia.

Kutoka siku ile hakusema neno kwa miezi kumi na mmoja. Mwalimu akaniita, nikaambiwa hasikii, nikampeleka kupimwa masikio, masikio mazima. Kanisani wakamwombea. Mama mmoja pale sokoni akaniambia ana pepo, nikakaribia kumwamini. Mimi nikamwita mkaidi. Kisha nikaanza kukuta vitu vimesukwa humu nyumbani, mashada ya kitambaa cha kochi yamesukwa, pindo za shali yangu ya kanisani zimesukwa, hata tambara la kupigia deki nililikuta limesukwa matuta. Nikamchapa kwa ajili ya ile shali. Nilikuja kuhesabu nikiwa nimekwisha kumchapa. Yalikuwa manane. Kila mahali manane, yanapanda na kukutana juu. Alikuwa anatunza kazi ya mikono ya mama yake isimpotee, na mimi mzee mzima, msusi wa miaka yote ile, sikuitambua.

Siku aliyofungua kinywa nilikuwa namsuka mteja. Alikuwa ameketi chini ya benchi akiokota nywele zilizoanguka, akaniuliza mimi nyanya yake, "Susu, mama akirudi atanijua? Nywele zake ulizikata." Nilikuwa na nafasi pale, wanangu. Mungu aliniwekea mlango wazi kabisa. Nami nikamjibu, "Atakujua," nikaendelea kusuka. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi wangu nilikuwa naye kweli, kila asubuhi anakunywa uji mbele yangu.

Tangu nianze kuugua, begi langu la hospitali limepotea mara tatu. Mlimshuku msichana wa kufua. Anayelificha ni huyu. Mara ya kwanza lilikuwa chini ya sinki, ya pili kwa jirani, ya tatu nililiona mwenyewe kwenye pipa la mahindi nikaliacha huko huko. Nanyi hamkujiuliza kwa nini tumbo linamuuma kila nikiitiwa teksi. Halafu juzi, Mutiso, ukadhani nimelala, ukamwambia susu atasafiri kidogo, naye ataenda shule ya bweni acheze na wenzake. Usijitetee, baba. Neno hilo ulilipata kwangu. Nalirudisha leo, lizikwe nami.

Kwa hiyo huyu mtoto haendi bweni. Atakaa na Nthiwa. Mutiso, utamlipia shule, na kila Jumamosi utakuja kumwona kwa dada yako, utabisha hodi, utaketi, utakunywa chai. Siku ya kunizika atakuwa mbele. Ataniona uso akitaka, na asipotaka msimlazimishe. Atatupa udongo kwa mkono wake. Akiuliza swali moja mara ishirini, mjibuni mara ishirini, na jibu liwe lile lile. Asipolia msimsifu kwamba ni msichana shujaa, na akilia msimwambie nyamaza. Akikaa kimya tazameni mikono yake, huyu huongea kwa mikono.

Nipe maji kidogo. Hapana, yatosha.

Wajina, zunguka uje nyuma yangu. Kitana kiko chini ya mto. Nifumue. Anza na hilo la sikioni... hivyo hivyo. Sasa nisikie, nakwambia lile ambalo ningekwambia chini ya benchi. Mama yako hakusafiri. Alikufa siku ya Jumanne asubuhi, nami nilikuwa nimemshika miguu, ilikuwa baridi. Hakurudi kukufumua kwa sababu aliyekufa hawezi kurudi. Hakukukasirikia. Na angekujua, hata ungekuwa huna unywele mmoja.

Nani huyo? Mwache mtoto alie, Mutiso. Rudisha leso mfukoni. Ana miaka minne ya kulia hapo.

Ukimaliza kufumua, nisuke. Manane. Unayajua kuliko mimi. Nthiwa, watakaoniosha wasiyaguse, nitazikwa nayo. Na viti vya kibandani... hivyo nilikwisha kusema. Nilisema? Basi.

Lete uso hapa kwanza. Mate yangu yamekauka, lakini pokea baraka, nakutemea kifuani kama nilivyotemewa na susu yangu. Uwe na usingizi. Uwe na watu wa kukwambia kweli. Mutiso, Nthiwa, shikeni mikono yake, mmoja huku, mmoja... mwachieni mmoja wa kusukia. Mungu awatazame. Mimi nimewasamehe, nanyi mkiweza.

Wajina, wakikuuliza kesho susu yako yuko wapi, utasema nini? Sema nikusikie, ningali nasikia. Kwa sauti.

Eeh. Umelisema vizuri.

Hilo ni la ngapi? La tatu. Vuta, hainiumi. Suka polepole, mama. Nakufa tu, siendi popote.