Boga Lililobaki Sufuriani

Kwenye basi, mbele yangu, seremala mwenye vumbi la mbao nywelini alikuwa akimlisha bintiye mikate midogo ya kukaanga. Mama mmoja aliyeketi kando yake akauliza ni mikate ya nini.

"Boga lililopondwa la mdogo wake, mama. Lilibaki, nikalichanganya na yai na unga."

"Kumbe unamlisha mtoto makombo?"

"Si makombo. Mdogo namchotea kibakulini. La sufuriani kijiko chake hakiligusi."

"Na mama yao hapiki?"

"Yuko kazini. Huyu tulimbembeleza mwezi mzima, hataki kula kitu. Leo anadai mwenyewe." Alisema hivyo kwa fahari, kama anayekabidhi kabati aliloliunga bila msumari hata mmoja.

"Bado ni makombo, baba," mama alisema basi liliposimama. Mama huyo alipokuwa akishuka, mtoto alikuwa amefungua mdomo tena, akingoja mkate mwingine.